Sanamu ya Leopold II haikuyeyushwa, ipo hadi leo

Umeandika kwamba Mobutu, rais wa zamani wa Kongo, aliiyeyusha sanamu ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, ile ya juu ya farasi pale Kinshasa. Hapana, haikuyeyushwa. Iling'olewa tu mwaka 1967, ikatupwa kando ikalala miaka karibu 40.

Ilizinduliwa 1928 na Mfalme Albert I wa Ubelgiji, enzi hizo mji ukiitwa Léopoldville. Kioja chenyewe ni cha Februari 2005: serikali ikairudisha katikati ya jiji, karibu na stesheni ya treni. Waziri wa utamaduni akajitetea kwamba historia ina mazuri na mabaya yake. Haikumaliza hata siku moja! Mafundi waliokuja kuisimamisha wakarudi kuishusha, watu wamesimama wanashangaa. Sasa iko Mont Ngaliema, kwenye bustani ya makumbusho, na ya Stanley, yule mpelelezi aliyemtumikia Leopold, iko hukohuko.

Ila usiichanganye na ile ya Brussels, uwanja wa Place du Trône, maana hii ya Kinshasa ni nakala yake. Ile ni ya 1926, na bado imesimama pamoja na kumwagiwa rangi nyekundu mara kadhaa. Ukifika, zunguka usome maandishi yake: yanasema shaba na bati vilitoka Kongo, vimetolewa bure na kampuni ya madini ya Union Minière ya Katanga. "Bure", eti. Waulize wazee wa Lubumbashi, mji wa migodi huko Katanga, nani aliyechimba.