Umenunua Alfa Spider kuukuu hapa Malindi? Anzia chini, rangi ingoje

Nyinyi mlioanza juzi juzi kununua hizi Spider, gari ndogo za Alfa Romeo za paa la kukunja, walizoacha Wataliano hapa Malindi, naomba mnisikilize kabla hamjaipeleka kwa fundi wa rangi. Najua ndio kitu cha kwanza mtu anataka, aione inang'aa ikipita barabara ya Casuarina jioni. Mimi nilifanya ivo ivo. Yangu ni ile ya injini ya lita 2, ya miaka ya sabini, nyekundu, nikaipiga rangi nikaifunika turubai nikaiacha uani msimu mzima wa kusi. Kusi ilipoisha nikafunua, nikapiga magoti nikachokora na bisibisi pale chini ya mlango, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, na nilipoichomoa ukamwagika mchanga na unga wa kutu mwekundu kama pilipili ya kusaga. Juu rangi bado mpya kabisa.

Sasa elewa kwa nini hapo ndio roho ya gari. Spider haina chesisi yake mbali kama Land Rover, bodi yenyewe ndio chesisi, na kwa vile haina paa la chuma la kusaidia basi nguvu yote inabebwa na ile miamba miwili mirefu ya chuma chini ya milango na sakafu. Ikioza hapo gari inajikunja, ukiipiga jeki pembeni utaona mlango umekataa kufunga. Kwa hiyo ukienda kuangalia gari beba sumaku ndogo uifunge kitambaa isikwaruze, ipitishe taratibu chini ya milango na nyuma ya matairi, pale isiposhika ujue kuna puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi. Inua mikeka pia ushike sakafu na mkono. Kuna vitundu vya kutolea maji, vizibue na waya kila mwezi, maana vikiziba maji ya mvua yanakaa ndani na huwezi kuyaona.

Na turubai achana nalo kabisa, linafungia unyevu. Banda la makuti lenye kupitisha upepo ni bora mara kumi. Kama unapita njia ya Gongoni nyuma ya malori ya chumvi, ukirudi nyumbani osha chini ya gari siku hiyo hiyo, na iwe maji ya bomba.

Maji ya kisima usiyaguse! Visima vingi vya huku maji yake yana chumvichumvi, na hii injini ni alumini yote, bloku na hedi, ukimimina maji hayo kwenye rejeta yanaila kutoka ndani polepole mpaka siku inachemka njiani na gasketi ya hedi inaungua. Weka kulanti, ile dawa ya rejeta, uchanganye na maji ya betri, yale yaliyosafishwa. Alafu zoea kufungua kifuniko cha mafuta ya injini, ukikuta ute mweupe kama tui na gari ndio imetoka safari ndefu, maji yameingia kwenye mafuta, usiiwashe tena mpaka fundi aiangalie.

Gia ya pili ni udhaifu wa hizi gari tangu zitoke kiwandani, ukisikia inakwaruza asubuhi usiilazimishe. Maji yanapata moto mapema lakini mafuta ya gia bado mazito, kwa hiyo kilomita za mwanzo badilisha polepole, au kanyaga klachi mara mbili, ya kwanza kutoa gia, ya pili kuingiza. Ikiendelea kukwaruza hata ikishapata moto, hiyo sasa ni ya kufungua.

Mengine ni ya haraka. Mipira ya petroli badilisha yote siku ya kwanza bila kuuliza ina muda gani, inapasuka juu ya injini yenye moto na gari inaungua, na beba mtungi wa kuzimia moto. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewa, na hewa ya pwani mnaijua, badilisha kila miaka 2. Tairi soma zile namba 4 za ubavuni, 2311 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2011, hata kama kashata zake, yale meno ya kukanyagia, bado nzima hiyo ni ya kutupa. Namba za bodi na injini zilingane na logibuku kabla hujatoa hata shilingi.

Spea zisikutie hofu, huko Ulaya bado wanazitengeneza karibu zote, ila agiza nyingi kwa mpigo sababu usafiri ndio unaumiza. Kabureta mpe fundi mmoja tu, mtu mzima mwenye sikio, usiruhusu kila kijana wa gereji azungushe skrubu.

Na iendesheni jamani. Yangu baada ya kuchomelewa mabati mapya naitoa kila Jumapili baada ya alfajiri, paa wazi, hadi Gede na kurudi, barabara bado haina matatu nyingi. Nikifika nyumbani naiacha ipoe, naangalia chini kama imedondosha tone, alafu nafungua mpira wa bomba.