Jibu: Kusahihisha insha kwa simu ya mzazi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama Google Docs, programu ya Google ya kuandikia mtandaoni, inafaa kusahihishia insha za kidato cha tatu wakati wanafunzi wanategemea simu za wazazi. Inafaa, ila usianze na tahajia. Mimi huacha maoni mawili tu pembeni, kisha namtumia mwandishi ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika moja hivi: "Hapa nimepotea, ulitaka kusema nini?" Sauti ina upole ambao wino mwekundu hauna. Halafu fungua historia ya matoleo, yaani nakala za awali za insha ambazo Google Docs huzihifadhi, uone aya alizofuta. Mara nyingi hoja yake bora imezikwa humo, nami humwomba airudishe. Wasio na bando waandike daftarini, wapige picha ukurasa, watume jioni mzazi akirudi.