Maswali na Majibu: Mjerumani wa Shimo Jeusi

Tangu nimtaje hapa Heino Falcke, mmoja wa wanasayansi walioleta picha ya kwanza ya shimo jeusi (kitu angani chenye mvutano mkali hata mwanga haukitoki), simu yangu haipumui. Nimechagua maswali matano. Mengine yalikuwa matusi.

Falcke si Mholanzi? (Tanga)
Mjerumani, mzaliwa wa Köln, 1966. Uholanzi alifuata kazi: ni profesa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen.

Alipigaje picha ya kitu kisichotoa mwanga? (Mombasa)
Nimeshalijibu mara tatu, hii ni ya mwisho. Shimo lenyewe hakuna aliyelipiga picha. Gesi inayolizunguka ni ya moto mno na hutoa mawimbi ya redio; shimo humeza baadhi na kuyapinda mengine, katikati pakabaki giza. Giza hilo ndilo Falcke, Fulvio Melia na Eric Agol walilolieleza mwaka 2000, wakaliita kivuli, na kuonyesha kwamba linaweza kuonekana kutoka hapa duniani. Kasheshe ilikuwa darubini. Pete ya gesi inayolizunguka shimo la M87, galaksi (kundi kubwa mno la nyota) nyingine, ukiitazama kutoka huku, ni kama chungwa lililowekwa mwezini. Kwa mawimbi ya milimita 1.3 unahitaji darubini pana kama dunia nzima. Nani ataijenga? Wakaunganisha nane zilizokuwepo, kuanzia Hawaii hadi Ncha ya Kusini, zikafanya kazi kwa pamoja Aprili 2017; saba ndizo zilizoitazama M87, kwani kutoka Ncha ya Kusini haionekani. Data ilikuwa nyingi hata intaneti haikufaa. Diski zilipandishwa ndege kwenda Bonn na Marekani, na zile za Ncha ya Kusini zikasubiri baridi ya huko iishe. Falcke aliionyesha picha Brussels tarehe 10 Aprili 2019. Miaka 19! Nanyi mnaodai utafiti ulete faida kabla ya bajeti ijayo, hesabuni wenyewe.

Mbona tuliambiwa aliyeipiga ni dada mmoja Mmarekani? (Kigoma)
Mliambiwa na mitandao. Wala si Falcke peke yake. Tuzo ya sayansi ya Breakthrough ya 2020, waliyopewa kwa picha hiyo, iligawanywa kwa watu 347. Acheni kutafuta shujaa mmoja kila mahali.

Nasikia ni mpinga Mungu. (Nairobi)
Falcke huhubiri kanisani kwake, Mprotestanti. Huo ujumbe mnaotumiana kwenye WhatsApp, ufuteni.

Mwanangu yuko kidato cha tatu, anataka kufuata njia hiyo. (Dodoma)
Fizikia, hisabati na kuandika programu, bila kukwepa hata moja. Na si lazima aote Ulaya tu: chuo cha Falcke na Chuo Kikuu cha Namibia wana mradi wa kujenga darubini ya mawimbi ya milimita huko Namibia, kwa sababu mtandao ule wa darubini hauna kituo hata kimoja Afrika.

Na yule wa Morogoro aliyezaliwa nyota ya Mshale, akiuliza kama shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu, lililo upande huo wa anga, ndilo linalomvurugia ndoa: liko mbali miaka ya nuru 27,000. Zungumza na mkeo.