Hii "get" ya Kizungu ina maana ngapi jamani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Tanga, nimeanza kazi mapokezi kwenye hoteli moja hivi, kiingereza nakisukuma sukuma tu. Kamusi yangu inasema get ni kupata, basi. Sasa meneja wetu kutwa nzima ni get, mara "get the bags", mara "get the phone", mara "the guests are getting angry", akimaliza kunielekeza ananiuliza "did you get it?" Nikiweka kupata kila mahali haikai kabisa. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Kupata usiitupe, bado inafanya kazi kwenye "I got a job" na "I got your message", na hata hiyo "did you get it?" ya meneja ni ile ile yetu ya umenipata? Unamjibu "got it" unaendelea na shughuli. "Get the bags" anakutuma ukayachukue mabegi uyalete, "get the phone" ni pokea hiyo simu inaita, na mtu akigonga ukisikia "I'll get the door" ujue anaenda kufungua yeye, we kaa.

Ila pa kukomaa napo ni hapo kwenye wageni kukasirika, maana hapo ndo watu wengi wanaanguka na wala hawajui kama wameanguka. Sikiliza, Kiswahili kina amechoka na kina anachoka, si ndio? Amechoka keshafika, anachoka yupo njiani anaelekea huko. Mzungu kwenye kuchoka hana -me- na -na- kama sisi, anachofanya ni kubadilisha neno la mbele, aliyefika anamwekea is, aliye njiani anamwekea is getting. Kwaiyo amechoka ni "he is tired", anachoka ni "he is getting tired". Amezeeka, "he is old", anazeeka, "he is getting old". Giza limeingia, "it is dark", giza linaingia, "it is getting dark". Meneja akikwambia wageni "are angry" yani wamekasirika tayari, we nenda na maji ya baridi na samahani nyingi, ila akisema "are getting angry" bado una dakika mbili tatu za kuokoa jahazi. Nimeshasikia watu wanasema "I am olding", "it is darking", wanalazimisha -ing kwenye neno lisiloitaka, dawa yake ndo hiyo get.

Hii inaleta utata hata kwenye ndoa. Ukitaka kusema uliolewa 2015 sema "I got married in 2015". Ukisema "I was married in 2015" na ukaishia hapo mtu anaweza kuelewa kwamba mwaka huo ulikuwa ndani ya ndoa, afu anakuangalia kwa huruma anajiuliza kwani waliachana lini.

Na kuna ingine, ile ya kufanyiwa. Sisi tunasema jana nimenyoa, kila mtu anaelewa ulikaa kwenye kiti ukanyolewa na kinyozi, hakuna anayefikiria ulishika mashine mwenyewe. Kwa kiingereza ukisema "I cut my hair" wanaelewa umejikata kwa mkono wako, aliyenyolewa anasema "I got my hair cut". Ukipeleka simu kwa fundi ni "I got my phone fixed". Kiswahili chenyewe kinayo hii, si unaijua kushonesha gauni? Aliyeshonesha hakugusa cherehani, "she got a dress made". Nikikumbuka kushonesha huwa sikosei, jaribu na wewe.

SWALI: Mwalimu nisaidie, kupanda gari ni get in au get on? Mimi nasema enter tu. Bodaboda, Dodoma.

JIBU: Enter wanaelewa ila inasikika kama tangazo la polisi. Gari dogo na teksi, ambavyo unainama unaingia unakaa, ni get in, na kushuka ni get out of. Basi, treni, ndege na meli, vyombo ambavyo ndani unaweza kusimama ukatembea, ni get on, kushuka ni get off. Daladala nayo ni get on, hata kama ndani mmesimama mmekunja shingo. Chako wewe abiria anakaa juu kama juu ya punda, kwaiyo mwambie "get on", mkifika "get off". Bajaji ina paa na kiti cha nyuma, hiyo ni get in.

SWALI: Asalaam aleikum. Nipo Muscat, nafanya kazi nyumba ya watu. Bosi wangu kaniambia "you get to rest on Friday", mwenzangu anasema maana yake Ijumaa ni lazima nipumzike. Ndio hivyo?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Hapana, hiyo amekupa nafasi, Ijumaa unaruhusiwa kupumzika na ni jambo zuri kwako. Lazima ni "you've got to", ile ambayo kwenye miziki na meseji wanaiandika gotta. Kwaiyo "I get to go home" unaisema unatabasamu, na "I've got to go home" unaisema ukiwa umeshika mkoba, umechelewa. Ijumaa lala mpaka uchoke.

SWALI: Watoto wangu wamesoma Marekani wanasema gotten, mimi shuleni nilifundishwa got tu. Nani kakosea? Mzazi, Ohio.

JIBU: Hajakosea mtu. Neno lenyewe get lilifika Uingereza na watu wa Skandinavia, hao mnaowajua kama Vikings, na gotten ilikuwa inasemwa Uingereza zamani, walowezi wakahama nayo kwenda Marekani, huku nyuma Waingereza wengi wakaiacha. Mabaki yake wanayo kwenye forgotten, hilo hakuna anayelishangaa. Ila wanao wana kautaalamu kamoja, Mmarekani akisema "I've got a car" anayo gari, akisema "I've gotten a car" ameipata. Kama ni kuandika, chagua upande mmoja ubaki nao.

SWALI: Nipo fomu foo, naruhusiwa kutumia get kwenye insha?

JIBU: Sio dhambi, ila kwenye barua ya kiofisi na insha ya mtihani ikijaa inaonekana maneno yamekuishia. Barua imefika, andika "I received", hali imebadilika, andika "became", umefika mahali, andika "arrived". "Got married" iache hivyo hivyo, hiyo haina shida.