Kifua Kimejaa, Chuma Hakipandi

Juzi usiku nimepokea ujumbe: "Kaka, nataka nguvu na mwili ujae pia. Nikifuata kimoja, kingine kinalala." Nimecheka kidogo, maana jambo hilo lilishaniaibisha mbele za watu.

Miaka mitatu nilikuwa mtu wa kujaza tu. Raundi za kunyanyua mara 12, mara 15, mapumziko dakika moja, macho kwenye kioo. Gym yetu ya Temeke iko uani. Vyuma alitukatia fundi wa kuchomelea, kilo zimeandikwa kwa rangi nyeupe, na tulivihakiki kwenye mizani ya muuza mkaa. Fulana zinanibana, mtaani naitwa baunsa, na mimi siwakatazi. Siku moja akaja kijana mwembamba, mbeba magunia wa Kariakoo, akalala kwenye benchi akasukuma kilo 100 mara tatu na ndala zake miguuni. Ikafika zamu yangu. Chuma kikashuka vizuri, kikatua kifuani, kikakaa kama mgeni aliyesikia wali uko jikoni. Wakaja watu wawili kuniondolea. Tangu hapo jina langu pale ni Puto. Wanaoniita hivyo mpaka leo wanajijua, na hapa wanasoma.

Kosa la pili lilikuwa hasira. Kila siku nikawa natafuta uzito wa mwisho. Wiki sita tu, bega la kulia likawa linauma hata nikivua shati, na mikono imenywea.

Miezi iliyofuata haina hadithi. Nilianza upya, basi.

Kizito kinatangulia, mwili ukiwa mpya. Kama uzito wa juu unaoweza kuusukuma mara moja tu ni kilo 90, weka 75, raundi 5 za mara 3, pumzika dakika 3 kamili. Nguvu ni mishipa ya fahamu pia, inajifunza kuiamsha misuli yote kwa pamoja, na ukishachoka haijifunzi vizuri. Halafu ndiyo ujaze: dambeli, raundi 3 za mara 8 hadi 12, ukiacha ungali na uwezo wa mara moja au mbili zaidi. Kizito kwanza, narudia. Mtunisha misuli Franco Columbu alishindana pia kunyanyua vyuma vizito, na bado akachukua Mr. Olympia, taji kubwa la watunisha misuli, 1976 na 1981, kwa hiyo msiniambie haviendi pamoja.

Na kuleni, jamani! Mtu wa kilo 70 anayejenga misuli anahitaji kama gramu 110 za protini kwa siku. Wewe unashinda na chai na chapati mbili, unakesha na mikeka ya kubeti, kisha unaniuliza dawa ya misuli. Dagaa wapo, maharage yapo, mayai yapo. Usingizi ni bure.

Jumamosi iliyopita nimepiga 100 mara mbili, bega kimya. Mizani ya mkaa niliiazima tena, asije mtu akabisha. Yule kijana wa magunia hakuwepo, wanasema siku hizi anashusha mizigo usiku. Nimeacha ujumbe kwa fundi wa gym.