Sajili chumba chako cha gumzo kabla hujamwalika mtu

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Yeye na wenzake wanaojifunza Linux kwa Kiswahili walifungua chumba kwenye mtandao wa Libera.Chat, wakachati mpaka usiku wa manane, wakaenda kulala. Asubuhi walimkuta mtu wasiyemjua ndiye mkubwa wa chumba, na wanaoingia anawatoa. Anauliza kama wamedukuliwa.

Hawakudukuliwa. Tangu Jarkko Oikarinen alipoibuni IRC, mfumo wa gumzo la maandishi unaotumiwa na Libera.Chat, kule Oulu, Finland, mwaka 1988, chumba kisichosajiliwa huzaliwa mtu wa kwanza anapoingia na hufa wa mwisho anapotoka. Anayeingia wa kwanza ndiye anayepewa uendeshaji, ile alama ya @ mbele ya jina. Mkilala wote, chumba hakipo tena, na atakayeingia alfajiri amekizaa upya kikiwa chake. Kama naye hajakisajili, kinaweza kurudi mikononi mwenu siku atakapotoka. Kama amekisajili, chagueni jina lingine, na safari hii msialike mtu kabla ya kumaliza hatua hizi.

Akaunti yako ndiyo inayotangulia, maana chumba husajiliwa kwa akaunti. Unganisha programu yako na irc.libera.chat kwa poti 6697, TLS (ufichaji wa mawasiliano njiani) ikiwa imewashwa, au fungua web.libera.chat kwenye kivinjari cha simu. Kisha mwandikie NickServ, huduma ya mtandao inayosajili akaunti, ukiweka nywila na baruapepe yako:

/msg NickServ REGISTER nywila baruapepe

Utaletewa barua yenye amri ya kuthibitisha. Inakili na uibandike kama ilivyo. Usipothibitisha mapema, usajili huo hupotea. Na amri hizi ziandike kwenye dirisha la seva, usiziandike ndani ya chumba chochote. Nafasi moja ikiingia kabla ya ule mkwaju wa mwanzo, programu nyingi huichukulia sentensi nzima kuwa ujumbe wa kawaida, na nywila yako inasomwa na kila aliyemo.

Sasa ingia kwa /join ##jina. Alama ni mbili kwa makusudi: Libera imetenga # moja kwa miradi, na vyumba vya mada vinatumia ##. Hakikisha umepata @, kisha mwandikie ChanServ, huduma inayosajili vyumba:

/msg ChanServ REGISTER ##jina

Ukikosa @, jina hilo lina mwenyewe au kuna mtu ndani. Uliza kwa /msg ChanServ INFO ##jina. Baada ya hapo funga mipangilio ya msingi: /msg ChanServ SET ##jina MLOCK +nt-s. Herufi n inazuia ujumbe wa walio nje ya chumba, t inawaachia waendeshaji peke yao kubadili mada, na kuondoa s kunafanya chumba kionekane kwenye orodha ya wanaotafuta. Usajili umekwisha, wala haujafika robo saa.

Kazi yenyewe ni kugawa madaraka, na hapa ndipo vyumba vingi vinapoharibika. Ukibaki peke yako na mamlaka, siku umeme ukikatika kwako wenzako wanamtazama mtukanaji bila la kufanya. Ukimpa kila rafiki mamlaka yote, mgomvi mmoja anaweza kukifuta chumba. Msaidizi mpe hizi tu:

/msg ChanServ FLAGS ##jina akaunti +Aiotr

A ni kuona orodha ya wenye madaraka, i kualika, o kuchukua na kuvua @, t kubadili mada, r kutoa na kuzuia watu. Herufi f usiigawe ovyo, kwa sababu mwenye nayo anaweza kubadili madaraka ya wengine. Halafu teua mrithi kwa +S, mtu mmoja unayemwamini, ili akaunti yako ikifutika kwa kutotumika chumba kipate mwenyewe. Wawili watatu wanaoingia kwa saa tofauti wanatosha: mmoja aliye Dar, mwingine Toronto, na usiku wenu una mlinzi.

Mkishapewa, msikae na @ muda wote. Ichukue kwa /msg ChanServ OP ##jina pale panapohitajika, kisha ivue kwa DEOP. Alama ile ikiwaka mchana kutwa inawafanya wageni waogope kuuliza, na wachokozi wapate wa kumchokoza.

Akija mkorofi, mwonye kwanza kwa faragha. Akiendelea, mnyamazishe: /mode ##jina +q $a:akaunti. Anabaki ndani, anasoma, hawezi kuandika, na wengi hasira zao huishia hapo. Kumtoa bila kumzuia ni kazi bure, maana anarudi papo hapo. Kumzuia kwa jina la utani nako hakusaidii, kwani jina hubadilishwa kwa sekunde moja. Zuia akaunti. Anwani ya IP iwe ya mwisho kabisa, hasa kwetu ambako kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Ukiizuia umewafungia mlango watu wasiojua hata mlichogombania, na mkorofi mwenyewe akizima data na kuiwasha anaweza kupewa anwani nyingine. Ukilazimika, weka muda, kwa mfano dakika 60:

/msg ChanServ AKICK ##jina ADD *!*@anwani !T 60 sababu

Roboti zikivamia kwa matangazo, usihangaike nazo moja moja. /mode ##jina +q $~a inawanyamazisha wote wasio na akaunti kwa mpigo. Ongeza +z ili maneno yao yaonekane kwa waendeshaji, kwani kati yao huwamo mwanafunzi aliyeingia leo mwenye swali la kweli. Muda huo mmoja wenu abaki na @, la sivyo hamtaona kitu. Shambulio likiisha ziondoeni zote mbili. Nasema hivi kwa sababu kusahau -q, yaani kuiondoa +q, ni ugonjwa wa vyumba vingi: wageni wanaandika, hawajibiwi, wanaondoka wakidhani ni kiburi.

Jambo lingine ni kumbukumbu. IRC haimwonyeshi anayeingia yaliyosemwa kabla yake. Mkiamua kuyahifadhi na kuyaweka hadharani, wajulisheni watu mlangoni kwa /msg ChanServ SET ##jina ENTRYMSG na maneno yenu.

Na wekeni orodha ya baruapepe za waendeshaji nje ya chumba. Mei 2021, wafanyakazi wa Freenode, mtandao mwingine wa IRC, walipojiuzulu na kuanzisha Libera.Chat, mamia ya vyumba vilivyotaja Libera kwenye mada zao vilitwaliwa na uongozi mpya wa Freenode, ingawa vilikuwa vimesajiliwa. Waliokuwa na njia nyingine ya kuwasiliana waliweza kuambiana pa kukutana.