Usimpelekee Mnasihi Ripoti

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari kisiwani Lamu, naye ameniruhusu niueleze bila kumtaja jina. Anasema matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yamepanda tangu akabidhiwe shule hiyo, wazazi humsimamisha njiani kumpa mkono, na kila usiku huamka saa nane akabaki macho mpaka adhana ya alfajiri, moyo ukimwenda mbio bila jambo lolote kutokea. "Dada," amemalizia, "nimepata kila nilichokiomba, na siku hizi mtu akiniuliza tu habari za nyumbani, machozi hunitoka. Niende kwa nani?"

Mwalimu, nakujibu hadharani kwa sababu najua wenye swali lako ni wengi, na wengi wao ni wale ambao familia nzima huwategemea na ambao hakuna anayewauliza kama wamechoka.

Nilikuwa naibu meneja wa hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho, na nasema kwa fahari kwamba nilikikalia vizuri. Wakaguzi wa hesabu waliondoka bila neno, na wageni wa Kiitaliano walirudi mwaka baada ya mwaka wakiniulizia kwa jina. Lakini msimu wa wageni hapa hunoga kuanzia Desemba hadi Machi, kisha masika yanapoingia mwezi wa Aprili hoteli nyingi hufunga milango au hubakiza wafanyakazi wachache, na kuandaa orodha ya wanaopumzishwa bila mshahara kulikuwa juu yangu. Watu wale niliwajua mpaka majina ya watoto wao. Mmoja alikuwa jirani wa mama yangu kule Shela, na jioni ya siku niliyomkabidhi barua alipita mlangoni petu akanisalimu kwa upole ule ule wa siku zote. Niliitikia, nikaingia ndani kumalizia ripoti. Mkubwa wangu alinisifu mbele ya kikao kwa moyo wangu mgumu, nami nilizivaa sifa hizo kama hirizi.

Mwili ndio uliokataa kwanza. Kichwa kiliuma kila Jumapili jioni, nilimfokea mdogo wangu kwa sababu ya kijiko, na nilikuwa nikimaliza rakaa nne nisijue nimesoma nini. Kisha ikaja asubuhi ambayo tuktuk ilisimama kwenye lango la hoteli, dereva akasema, "Dada, tumefika," akarudia, na mkono wangu ukabaki juu ya mkoba usiweze kutoa hata sarafu. Nilimsikia, na nililiona lango. Nilichokosa ni nguvu ya kushuka. Yule kijana alizima injini, akanyamaza, akanisubiri, na ihisani hiyo sijaisahau.

Mama alisema nimepigwa kijicho, akaniita nyumbani nisomewe, nikanywa na kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Sidharau hilo hata kidogo. Usiku ule nililala, na kukaa kimya mbele ya aya za Mwenyezi Mungu ni shifaa ambayo sitaiacha. Ila simu ya kazini ilipolia asubuhi, kifua kilibana vile vile. Nilipotaja kumwona mnasihi, yaani mshauri nasaha, mjomba wangu aliuliza mbele ya watu tangu lini ukoo wetu umekuwa na wendawazimu. Kazini niliambiwa kwamba kama nimechoka, wanaokitaka kiti changu wamepanga foleni. Maneno hayo mawili bado yananiuma ninapoyaandika.

Daktari alianza kwa kunipima damu na presha, akitafuta upungufu wa damu na hitilafu ya tezi ya shingoni, kwa kuwa maradhi hayo nayo huleta uchovu usioisha. Nawe anzia hapo. Baada ya majibu kutoka salama ndipo aliponielekeza kwa mnasihi.

Ni yeye mnasihi aliyenieleza kwamba hali hii, uchovu wa kazi ambao kwa Kiingereza huitwa burnout, ilielezwa mwaka 1974 na mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyeiona kwa watu waliojitolea katika kliniki ya bure mjini New York, yeye mwenyewe akiwa miongoni mwao, na kwamba aliona wanaopatwa nayo zaidi ni wale wenye ari na kujitoa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, haliuhesabu uchovu huu kuwa ugonjwa, bali ni hali itokanayo na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa vyema: mtu huishiwa nguvu, huitenga au kuichukia kazi yake moyoni, na huona utendaji wake unashuka. Sikujua nilie au nishukuru niliposikia hayo, maana nilikuwa nimejihukumu kuwa mvivu.

Sasa sikiliza, mwalimu, kwa sababu hapa ndipo watu kama sisi tunapopotea. Nilikwenda kwenye kikao cha kwanza na daftari. Nilikuwa nimeorodhesha dalili, tarehe, na hatua nilizokwisha kuchukua, nikasoma yote kwa sauti ya mtu anayewasilisha bajeti. Mnasihi, mama wa makamo mwenye kilemba cha buluu, alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba niliweke daftari sakafuni, akaniuliza, "Na hayo yote, mwilini unayahisi wapi?" Nikamwambia niko sawa. Hakusema kitu. Pangaboi lilizunguka juu yetu, naye hakusema kitu, mpaka nikagundua kwamba koo langu limeziba tangu siku ya ile barua ya jirani.

Baadaye alinipa karatasi ya kujaza nyumbani, kama inavyofanyika katika tiba ya fikra na mwenendo: tukio, wazo lililopita, hisia na uzito wake kwa asilimia, ushahidi unaoliunga mkono wazo hilo na unaolipinga. Niliijaza kwa mwandiko mzuri, mistari nimeipiga kwa rula. Aliitazama akaniuliza nilikuwa nataka alama ngapi. Kazi iliyofuata ilikuwa kutuma ripoti moja bila kuipitia tena na tena, kisha kuandika kile nilichoogopa kingetokea na kile kilichotokea. Niliogopa kufukuzwa. Kilichotokea ni kwamba ripoti ilijibiwa kwa neno "Asante."

Kwa hiyo usimpelekee mnasihi ripoti. Usiende kumwonyesha jinsi unavyojielewa, wala usitafute kuwa mgonjwa bora kuliko wagonjwa wake wote. Aliyezoea kushinda hutaka kuushinda hata uchovu, naye huugeuza ule wakati wa kupona kuwa mtihani mwingine. Nenda ukiwa umechoka hivyo hivyo. Ukilia, lia; ukikosa la kusema, kaa kimya. Narudia, usimpelekee ripoti.

Wala usidhani kwamba tiba itaibadilisha shule yako. Christina Maslach, aliyeutafiti uchovu huu kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, amesisitiza kwamba chanzo kikubwa kimo katika kazi yenyewe: mzigo, kukosa usemi, kukosa kutambuliwa, mahusiano mabaya, dhuluma, na kulazimika kutenda yasiyolingana na unachokiamini. Mimi kilichonimaliza zaidi kilikuwa hiki cha mwisho. Vikao vilinipa ujasiri wa kudai kwamba orodha ya Aprili iamuliwe na kamati na vigezo vyake vitangazwe mapema. Nilipewa nusu ya nilichokidai, na nilipoona nusu nyingine haiji, niliondoka kwa hiari yangu.

Sasa swali lako. Muulize daktari wa hospitali ya kaunti akuelekeze, na yeyote utakayeelekezwa kwake, muulize kama amesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya wanasihi na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Mwenye sifa hachukii kuulizwa. Ukiogopa macho ya watu, maana Lamu kila mtu humjua mwenzake, wako wanasihi wanaofanya vikao kwa simu. Sheria ya ajira inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, nawe umeniandikia kwamba zako hujazigusa. Zichukue. Na kama katika kukosa usingizi huko umewahi kutamani usiamke, hilo si la kusubiri miadi. Nenda hospitali leo, na usiende peke yako.

Kuhusu mumeo, ambaye unasema hujui utamweleza nini, mwambie siku na saa ya kikao, na umwombe abaki na watoto saa hiyo. Mengine atayasikia utakapokuwa tayari kuyasema.